Kijiko cha Kuanzia

Katumba, 2 Juni 2024

Kwa mwanangu Providence,

Amani iwe kwako na kwa wote unaowatibu huko ziwani. Huku sisi wazima. Goti langu la kushoto linalalamika asubuhi, mchana linanyamaza, na mimi nimelizoea. Wewe je, ile malaria ya mwezi uliopita imekuachia? Unakula? Nauliza kula, siyo kunywa chai na kuniambia umekula.

Usishtuke kuona barua. Simu yangu imezama kwenye sufuria ya maharage. Nilikuwa nimeibana begani huku nageuza, mteja mmoja akanichekesha, ikateleza. Nimeianika juani siku tatu, ikawaka mara moja, ikaonyesha rangi ya kijani, ikafa. Fundi anasema mawese yameingia mpaka ndani. Nikamwambia basi imekufa imeshiba. Mpaka nipate nyingine tutaandikiana, na wala sijutii. Kwenye simu, kila nikikuuliza habari za mchumba unasema mtandao unakata. Karatasi haikati.

Barua atazibeba mzee Didace, si unajua huwa anashusha samaki Mpanda halafu anafika hadi soko letu. Ile migebuka mikavu uliyompa imefika yote. Nimeitwanga nikaitia kwenye kisamvu na mawese, na Jumapili baada ya misa watu walikosa viti mgahawani, wakakalia ndoo nilizozigeuza. Tumbaku imekubali mwaka huu. Wakulima wanatembea vifua mbele, na mwanaume akiwa na kifua mbele hapendi kula nyumbani.

Juzi alikuja mgeni, mnunuzi wa tumbaku, akaniona nachota kidogo kutoka kwenye chungu, naweka kiganjani, nakula mimi kwanza ndipo namjazia sahani yake. Akauliza ni nini hiki. Wazee wakamjibu kabla sijafungua mdomo: "Kwetu mwenye chungu ndiye anayeanza. Ukimwona yuko hai, kula." Alicheka, akala, akaomba sahani ya pili.

Kiganja kinafanya kazi, lakini kinaungua. Bado nakililia kile kijiko cha mti cha bibi yako, alichokivusha kiunoni kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili. Kimevuka mpaka, kimevuka mito, kikaja kupotelea kwenye mkokoteni wa Onesphore siku tunahama Mpanda. Yule mtu kila nikimwona sokoni namwambia maneno yake. Hajawahi kukiri.

Niandikie, na usiandike kama ripoti ya zahanati.

Mama yako,
Vénérande


Kapalamsenga, 18 Juni 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mbele ya wagonjwa nikacheka peke yangu, mmoja akaniuliza kama na mimi nimepanda homa. Malaria imeisha. Nakula. Leo nimekula ugali na dagaa, na ushahidi ni sahani ambayo bado sijaiosha.

Nina habari, mama, na nina ombi. Naanza na habari.

Unajua wamama wa huku wanatoka vijiji vya mbali, milimani. Wengine uchungu unawakuta kwenye pikipiki. Mwezi wa tano nilimzalisha mmoja kando ya barabara, nimemfunika kwa koti la dereva. Mtoto mzima, mama mzima, lakini koti lile nililifua mpaka jioni. Tunahitaji nyumba karibu na zahanati, ambapo mjamzito anakuja wiki mbili kabla, anakaa, anasubiri siku yake kwa amani. Kijiji kimeanza kuchoma matofali. Na sasa watu wa Mpanda wamesikia, wameunda kamati, wanataka kutuchangia.

Mchango wenyewe ni wa kula. Wanaiita Siku ya Kuonja, itakuwa Jumamosi baada ya Nane Nane, kwenye uwanja wa shule. Kila mgahawa, mdogo kwa mkubwa, unaleta chakula kimoja na meza yake. Watu wanakata tiketi, wanapita meza hadi meza wakionja kidogo kidogo. Wanakamati wanasema watu wa mjini kila siku wanakula sehemu ile ile, hawajui nani anapika nini mtaa wa pili. Mimi nikawaambia, kama mnataka kujua, kuna mgahawa Katumba. Nimeandikisha jina lako, mama. Usinikasirikie. Mimi siwezi kuja, niko peke yangu na mhudumu mmoja, na kuna wanne wanaotegemea kujifungua wiki hiyo. Naomba wewe uende badala yangu.

Ombi sasa. Mama, siku hiyo naomba usionje mbele za watu. Onja jikoni kadiri unavyotaka, onja ukiwa nyumbani, lakini pale mezani jaza sahani, mpe mtu. Mpanda ni ile ile, na watu wake ni wale wale. Sitaki watu wakuangalie tena vile.

Nakupenda. Didace ana haraka.

Mwanao,
Providence


Kapalamsenga, 9 Julai 2024

Mama yangu,

Shikamoo, na pole na kazi. Goti linaendeleaje? Didace amerudi mikono mitupu. Nimemuuliza mara tatu, anasema barua uliipokea, ukaisoma umesimama, ukaikunja ukaitia kifuani, ukaendelea kusugua sufuria bila neno. Halafu ukamuuliza kama samaki wake wa siku hiyo ni wa jana.

Kama nimekosea, nitukane. Ukinitukana najua tuko salama. Ukinyamaza mimi silali.

Nimekutumia migebuka mingine, mikubwa.

Mwanao,
Providence


Katumba, 16 Julai 2024

Providence,

Nimesikia salamu zako. Mimi mzima. Samaki wamefika, watatu wamevunjika vichwa.

Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kukuandikia bila hasira. Sijaipata, kwa hiyo soma tu.

Unadhani nimesahau Mpanda? Mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili nilifungua kibanda changu karibu na stesheni ili niwe karibu na wewe, ulikuwa kidato cha kwanza. Wiki tatu benchi zilijaa. Wiki ya nne mtu mmoja akasusa sahani. Kesho yake wakawa watano. Wakasema yule mama wa wakimbizi anakula kwanza ili dawa imtambue, imwache yeye iwaingie wao. Sikujua nani aliyeanza. Mwezi haukuisha, nikawa nafunika sufuria iliyojaa na kuirudisha nyumbani vile ilivyokuja. Eufrazia wa hoteli ya ng'ambo ya barabara alikuwa amesimama mlangoni kwake ananitazama, hakuniambia hata pole. Watoto wenzako shuleni wakakuita mtoto wa mama mlambaji. Ulikuja unalia, nikakupangusa, na wiki ile ile tukafunga mizigo. Hayo yote ninayo.

Lakini sidhani kama nimewahi kukuambia vizuri kwa nini naanza, kwa hiyo nakuambia. Huko kwetu mtu hakupi pombe wala chakula bila yeye kukigusa kwanza, hiyo ni ya zamani. Ila bibi yako alipofika huku porini mwaka ule, alikuta watu waliokimbia kutoka vilima mbalimbali, hawajuani, wanaogopana. Mihogo waliyookota, mingine ilikuwa ile michungu inayoua. Watoto wanalia njaa na hakuna mzazi anayethubutu kuwapa. Bibi yako akapika, akachota kwa kijiko chake, akala mbele yao wote. Akakaa chini. Wakamtazama mpaka jua likapinda. Alipoinuka mzima, ndipo watoto wakapewa. Katumba hii imeanzia kwenye kijiko kile. Mimi siyo mlambaji, Providence. Mimi ni binti wa yule mama.

Nitakwenda Mpanda kwa ajili ya wamama wako. Na sitaonja mbele za watu, kwa sababu wewe umeomba. Nimeahidi. Usiniulize tena.

Mama yako


Katumba, 13 Agosti 2024

Mwanangu Providence,

Salamu zangu leo ni nyingi na zimeshiba. Mimi mzima, goti zima, tumbo ndilo lenye matatizo, na utajua kwa nini. Kama kuna mgonjwa mbele yako mhudumie kwanza halafu urudi ukae.

Jumamosi nilifika Mpanda saa mbili asubuhi na masufuria mawili ya kisamvu, nimevaa kitenge cha Pasaka. Uwanja ulikuwa umepangwa meza kama arusini. Wakatuvalisha kofia za nailoni, sote tukafanana. Bwana afya akapita anafunua sufuria, yangu akaifunua mara mbili, ya pili ilikuwa ya harufu tu. Kila meza ilikuwa na kadi. Yangu imeandikwa "Mgahawa wa Mama Providence, Katumba". Niliisoma ile kadi, Katumba kwa herufi kubwa katikati ya Mpanda, nikanyoosha shingo.

Kabla watu hawajaingia, wapishi tukaruhusiwa kuonjana. Mwanangu, huu mkoa una wapishi! Kuna mama mmoja Mpimbwe kapika uyoga wa porini na karanga, mimi nyama sikuitamani tena. Kuna kijana anauza chapati nyuma ya soko, chapati zake zinaachana zenyewe kama kurasa, na nimepita nyuma ya lile soko miaka yote bila kumwona. Na kuna Malale, Msukuma wa huko kwenye ng'ombe, ana kibanda njiani ambacho mimi nilidhani ni cha kuuzia kamba. Kumbe ndani kuna mtindi na michembe ya viazi vitamu ya kuchemsha na karanga. Amejaza meza yake mwenyewe, mwili mkubwa, kofia ya nailoni imekaa juu ya kichwa kama imeazimwa. Nikamwambia, "Baba, una hoteli halafu umeficha?" Akasema, "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "sijaficha. Nyie ndiyo hamsimami."

Sasa sikia nani alikuwa jirani yangu kushoto. Eufrazia. Kanenepa, kazeeka, hoteli yake ya pale stesheni siku hizi ina bati jipya. Tukasalimiana kama watu wanaokutana msibani. Yeye kapika nyama ya mbuzi.

Watu wakaingia. Mimi nikafanya kama nilivyokuahidi. Najaza, natoa. Najaza, natoa. Wanakula, wanasema kitamu, wanapita. Na mimi nikajiona kama ninagawa chakula cha mtu mwingine. Mkono ulikuwa unanyanyuka wenyewe kuelekea mdomoni, naurudisha. Nakuambia ukweli, nilikukasirikia upya pale pale.

Ilipofika kama saa tano, jamaa mmoja mwenye miwani ya jua na sauti ya mnada akatia nyama ya Eufrazia mdomoni, akaitema chini. "Hii imechacha! Wanataka kutuua hawa!" Basi. Uwanja mzima ulisikia. Waliokuwa kwenye foleni yake wakaanza kukumbuka kwamba wana shughuli sehemu nyingine. Mama mmoja akampokonya mtoto wake kipande mkononi. Muda wa kukoroga uji haukwisha, meza ya Eufrazia ikawa haina mtu, sufuria imejaa.

Utaniona mbaya, lakini wewe ni mwanangu na nakuambia. Nilifurahi. Miaka kumi na miwili nilikuwa naisubiri ile sura, na sasa naiona karibu, bila kulipa nauli. Nilifurahi mpaka nikamwona anachukua mfuniko. Anaufunika taratibu, anaubonyeza na kiganja, kama mtu anayelaza mtoto. Na mimi ule mkono naujua. Ule ulikuwa mkono wangu.

Nikaacha meza yangu. Nikaenda, nikafunua ile sufuria. Eufrazia akasema kwa sauti ya chini, "Mama Providence, niache." Sikumwacha. Nikachota, nikaweka kiganjani, watu wote wanaangalia, nikala. Nikatafuna polepole. Nikajua hapo hapo kilichomfanya yule bwana ateme. Nikasema kwa sauti, na mimi sauti ninayo: "Huu ni ukwaju, nyie! Kapikia ukwaju. Nyama ni ya leo, laini, nzuri kuliko yangu!" Nikachota tena, nikala. Nikachota mara ya tatu. Kisha nikakaa kwenye kiti chake, mikono magotini, nikawaangalia wanaoniangalia.

Malale akajisogeza na sahani yake, mkubwa vile. Akasema, "Mimi namwangalia mayu. Akidondoka, nakimbia. Asipodondoka, nakula." Tukangoja. Nikamwambia sijawahi kudondoka kwa kushiba. Watu wakacheka, akala, akalamba mpaka vidole. Wa nyuma yake naye akaleta sahani, ila akaniomba, "Mama, nianzie na mimi." Nikamwanzia. Na wa tatu. Foleni ya Eufrazia ikawa ndefu kuliko ya kwanza, na yule mwenye miwani nilimwona mwishoni kabisa, amezivua.

Ilipoisha sufuria ile, foleni haikutawanyika. Ikanifuata mezani kwangu. Hakuna aliyekubali kupewa kisamvu kabla mimi sijaanza. Mzee mmoja nilimpa sahani nikasahau, akabaki ananitazama. "Na mimi je?" anasema. "Mimi sina mwenyewe?" Ahadi yangu kwako nimeivunja, Providence, nimeivunja mara zisizohesabika, kila mara kiganja kimoja. Sasa unajua kwa nini tumbo. Tangu Jumamosi nakunywa uji mwepesi tu.

Tulipokuwa tunaosha sufuria, Eufrazia akaja na mche wake wa sabuni akachuchumaa pembeni yangu. Akasema, "Mwaka ule, aliyeanza ni mimi." Nikaendelea kusugua. Akasema hakutamka dawa. Aliuliza tu, mbele ya wateja wake, "Hivi kwa nini yule anaanza kula yeye?" Mengine mji ulijaza wenyewe. "Na leo," anasema, "yule bwana naye kasema neno moja tu." Alilia. Mimi sikumwambia haidhuru, kwa sababu ilinidhuru. Nilimwambia aniletee ukwaju ule kilo nzima anionyeshe anavyoutia. Ameahidi kuja Katumba.

Kamati wanasema mlichopata kinatosha bati na milango na zaidi. Mwenyekiti wao alinipa mkono, akauliza mimi ni nani. Nikamwambia mimi ni mama wa muuguzi wa Kapalamsenga, na ni mama wa Katumba. Vyote viwili.

Sasa kama una hasira kwa ahadi yangu, andika. Mimi nimekwisha kushiba.

Mama yako,
Vénérande wa Katumba


Kapalamsenga, 24 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Najua ni miezi mitatu na kitu. Najua Didace amekuambia niko mzima na kwamba kila wiki nasema "barua bado". Sikuwa na hasira, mama. Barua yako ya Agosti nimeisoma mpaka inakatika kwenye mikunjo, nimeibandika kwa plasta ya vidonda. Nimewasomea wamama hapa kliniki sehemu ya Malale, wakacheka hadi mmoja nikamwambia apunguze, atajifungua kabla ya siku. Nilijivuna, mama. Niliwaambia huyo ni mama yangu. Halafu nikawa siwezi kuandika, kwa sababu kuna jambo nilitakiwa niliandike kwanza.

Nyumba imeezekwa. Ina vyumba viwili, vitanda vinne, na jiko nje. Wa kwanza kuja anaitwa Pudensiana, binti wa miaka kumi na tisa, mimba ya kwanza, ametembea na mama mkwe wake kutoka milimani. Mama mkwe akamwacha akarudi kulinda shamba. Kumbe huko kwao kuna maneno kwamba uji wa kwenye nyumba hii unatiwa kitu, ukiunywa hupati mtoto wa pili. Nani kaanza, hajulikani. Siku ya kwanza hakunywa. Nikamweleza kwa utaalamu wangu wote, nikamwonyesha mpaka mfuko wa unga. Akaitikia ndiyo dada, ndiyo dada, na kikombe hakukigusa. Siku ya pili asubuhi alikuwa anasikia kizunguzungu.

Nikaenda chumbani kwangu. Nikafungua sanduku la shule, lile la bati. Chini kabisa, ndani ya soksi, nikatoa kijiko cha bibi.

Mama, kijiko ninacho mimi. Onesphore hakukipoteza. Nilikichukua usiku wa kufunga mizigo, wakati umelala. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikafikiri bila kijiko utaacha kuonja, na ukiacha kuonja wataacha kuniita vile. Asubuhi ulipokitafuta nikakutafutia na mimi, nikainama mpaka chini ya mkokoteni. Halafu tukafika Katumba, ukala kutoka kiganjani, nikaona umeungua, nikashindwa kusema. Kila mwaka nikashindwa zaidi. Ndiyo maana nilikuandikia vile mwezi wa sita. Wale watu wa Mpanda walikuwa wamekwisha kusahau. Aliyekuwa bado anakuonea aibu ni mimi.

Nikakiosha, nikarudi na sufuria yote ya uji mbele ya Pudensiana. Nikachota, nikanywa. Nikakaa kwenye kitanda cha pili, mikono magotini, kama wewe. Tulikaa muda mrefu, nje mhudumu anapiga deki. Halafu akauliza, "Dada, ni nani amekufundisha?" Nikamwambia mama yangu. Akanyoosha mkono akachukua kikombe, akanywa, akaomba kingine.

Amejifungua jana, mtoto wa kike. Wote wazima.

Nisamehe. Niambie kama nimpe Didace kijiko akuletee au nikuletee mwenyewe Krismasi.

Mwanao,
Providence


Katumba, 3 Desemba 2024

Wewe Providence,

Mimi mzima, na wewe nisikie uko mzima ili niweze kukugombeza vizuri.

Miaka kumi na miwili! Miaka kumi na miwili namtukana Onesphore. Nimemtukana sokoni, nimemtukana kanisani uani, nimemtukana kwenye harusi ya binti yake, akiwa amevaa suti. Na mwanangu anasimama pembeni ananishikia mkoba! Barua yako niliisoma nikaanza kucheka, kicheko kikageuka, wateja wakafikiri nimepokea msiba. Nikafunga mgahawa mchana kweupe, jambo sijawahi kulifanya, nikaenda kwake na sufuria ndogo ya kisamvu. Akaniona kutoka mbali akaingia ndani. Ilibidi nimwite kwa jina lake la ubatizo. Nimemwomba radhi nimesimama, mbele ya mke wake. Akala. Akasema, "Basi hata leo anza wewe," nikaanza mimi.

Eufrazia amekuja mara mbili na ukwaju wake. Pale stesheni sasa anaanza sahani ya kwanza yeye mwenyewe, kila asubuhi, mbele ya wateja. Anasema wengine wanapita moja kwa moja kutoka kwenye treni wanauliza iko wapi hoteli ya mama anayeanza. Nimemwambia wako wawili, mmoja yuko Katumba, na sasa nasikia kuna wa tatu ziwani.

Hukuwa mtoto mbaya. Ulikuwa mtoto uliyeumizwa, na mimi nilikuwa nafunga mizigo sikuangalia. Nimekusamehe kabla hata sijamaliza ukurasa, ila nilitaka kwanza uogope kidogo.

Krismasi njoo, nitakupikia. Lakini kijiko usikilete. Huku kila mtu ananijua, wananiletea sahani wamegeukia kwingine wanapiga soga. Huko ndiko wanakokuja watu wanaoogopa, na wana matumbo makubwa na hawana mama zao karibu. Bibi yako alikitoa kiunoni kwa ajili ya watu kama hao. Kiweke pale jikoni kwenye nyumba yenu mpya, kwenye msumari, kila mtu akione. Na ukihama, mfundishe atakayebaki.

Mimi kiganja kinanitosha.

Mama yako,
Vénérande